Kupima PCB katika mafuta ya transfoma ya mafundi: shajara ya mradi

Shajara hii ni ya yeyote mwenye kromatografia ya gesi (inayotenganisha kemikali ndani ya bomba jembamba liitwalo kolamu) iliyounganishwa na spektrometa ya masi (inayopima uzito wa molekuli) ya kawaida, ile ya kwadrupoli moja, yaani chujio kimoja cha masi, iliyopo katika maabara nyingi za vyuo vyetu, na anayetaka kujua kama mafuta ya transfoma yanayouzwa mitaani yana PCB, kemikali za sumu zenye klorini. Naongeza maelezo kila hatua inapokamilika. Yaliyo ya kawaida nayapitia haraka. Palipokwama ndipo nimeandika kwa urefu, maana hapo ndipo pesa na muda vilipokwenda.

3 Februari 2025: Kwa nini mafuta haya

Mashine ya kuchomelea ya kienyeji ni transfoma iliyosukwa kwa mkono na kutumbukizwa ndani ya sanduku la bati lenye mafuta, ili nyaya zisichemke. Mafuta hayo fundi huyanunua kwa dumu, na mengi yametoka kwenye transfoma kuukuu zilizoondolewa kazini. Waya ukilegea, fundi anafungua sanduku na kuzamisha mkono mpaka kiwiko. Pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mzee mmoja alinionyesha viganja vyake vinavyong'aa mafuta akaniambia, "Dada, haya hayana neno. Mimi magoti yakiniuma najipaka haya haya." Mradi huu ulianza kwa sababu sikuwa na jibu la uhakika la kumpa.

Mafuta ya transfoma yenyewe ni mafuta ya madini tu, na mengi hayana PCB. Hofu ni yale yaliyochanganyika. PCB ni jamii ya kemikali 209, zote zikiwa na mifupa ya bifenili yenye atomi moja hadi kumi za klorini. Zilianza kutengenezwa viwandani Marekani mwaka 1929, na Monsanto iliziuza kwa jina la Aroclor mpaka 1977. Wajerumani walikuwa na Clophen, Wajapani Kanechlor, Warusi Sovol. Zilipendwa kwa sababu haziwaki kirahisi, hazipitishi umeme na haziharibiki. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyogeuka balaa: zikiingia mwilini hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Japani mwaka 1968 Kanechlor ilivuja ikaingia kwenye mafuta ya kupikia ya pumba za mchele, na watu wengi wakaugua ugonjwa ambao mpaka leo unaitwa Yusho.

Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, unataka vifaa vya umeme vyenye PCB viwe vimetolewa kazini ifikapo 2025, na taka zake ziwe zimeshughulikiwa kwa usalama ifikapo 2028. Kikomo tunachokitumia hapa kimetoka humo humo: miligramu 50 kwa kilo ya mafuta.

24 Februari 2025: Kuchambua kabla ya mashine

Kila sindano moja, yaani sampuli moja inayodungwa kwenye mashine, ina gharama yake, hivyo tulianza na vipimo vya mezani.

Cha kwanza hakina gharama. Tone la mafuta linawekwa juu ya maji kwenye kichupa cha kioo. Mafuta ya madini yanaelea. Askareli, yaani PCB iliyochanganywa na triklorobenzini, ni nzito kuliko maji na inazama moja kwa moja. Kipimo hiki kinakamata transfoma iliyojazwa PCB kiwandani, lakini hakioni mafuta ya madini yaliyochafuliwa kidogo, na hayo ndiyo tuliyotarajia.

Cha pili ni kile cha haraka kinachotumia sodiamu kung'oa klorini na kuonyesha rangi. Kinafaa kwa jambo moja: kikisema klorini hakuna, kwa kawaida PCB hakuna. Kikisema ipo, bado hujui ni ya nini. Sampuli iliyoguswa na jasho au maji ya chumvi hutoa jibu la klorini, na mabaki ya dawa ya kusafishia grisi hutoa jibu hilo pia. Kwetu vipimo vingi vilidai klorini ipo, na ni wazi kwamba karakana za karibu na bahari hazitapata msaada mkubwa hapo. Kipimo kimoja kilitugharimu kati ya shilingi elfu arobaini na hamsini baada ya usafiri. Tumekiacha.

Kuna wanaochoma mafuta kwenye waya wa shaba na kutazama kama mwali unageuka kijani. Usifanye. PCB ikiungua vibaya huzaa dibenzofurani zenye klorini, ambazo ni sumu kali kuliko PCB yenyewe.

19 Machi 2025: Asidi peke yake haikutosha

Mpango wa mwanzo ulikuwa rahisi. Gramu 0.1 ya mafuta inayeyushwa katika mililita 10 za heksani, inatikiswa na asidi ya sulfuriki iliyokolea, tabaka la juu linapitishwa kwenye silika, kisha maikrolita 1 inaingia kwenye mashine. Hesabu ilionyesha inawezekana: mafuta yenye miligramu 50 kwa kilo yanaacha maikrogramu 0.5 za PCB katika kila mililita, na kwadrupoli inayosikiliza ioni (molekuli au vipande vyake vyenye chaji) chache zilizochaguliwa inaiona kwa urahisi.

Siku za mwanzo namba zilipendeza. Halafu vilele, yaani milima midogo ya grafu ambayo kila mmoja ni kemikali inayotoka kwenye kolamu, vikaanza kusogea. PCB 180 (kila moja ya zile 209 ina namba yake), inayotoka karibu na mwisho, ilichelewa kila siku zaidi ya jana na kuota mkia. Mstari wa chini ulipanda na kuwa kilima kipana, na standadi (myeyusho wa kiasi kinachojulikana) ile ile iliyotoa kilele kirefu asubuhi ilitoa kifupi jioni.

Sababu iko kwenye kemia ya asidi yenyewe. Asidi iliyokolea inakula mafuta ya wanyama, rangi, na vitu vilivyooza kwa joto ndani ya transfoma. Haigusi minyororo ya hidrokaboni iliyoshiba, na mafuta ya madini kwa sehemu kubwa ndiyo hayo. Kwa hiyo kila sindano ilikuwa inamwaga mafuta karibu yote ndani ya kolamu, na yale mazito yaligandia mwanzoni mwa kolamu na kwenye chanzo cha ioni, mahali molekuli zinapogongwa na elektroni. Tulipokifungua, bamba lililo karibu na filamenti lilikuwa na madoa ya kahawia yaliyoungua.

Tiba ya dharura: tulikata kipande cha mwanzo cha kolamu, tukabadilisha kioo cha kiingizio, tukasugua chanzo kwa unga wa alumina na kukiosha kwa methanoli kisha asetoni. Kolamu haikupona vizuri. Mpya, ya mita 30 yenye fenili asilimia 5, ilitugharimu shilingi milioni moja na laki nane mpaka ikafika mezani.

11 Aprili 2025: DMSO

Kinachohitajika ni kiyeyusho ambacho PCB inakikubali na mafuta ya madini yanakikataa. DMSO (dimethili sulfoksaidi) ni hicho. Pete za bifenili zinavutwa nayo, minyororo iliyoshiba inabaki kwenye heksani.

Tunavyofanya sasa: mafuta yanayeyushwa kwenye heksani kidogo, yanatikiswa na DMSO iliyokwisha kushibishwa heksani, na tabaka la chini linakusanywa. Tunarudia mara nne. DMSO yote inaongezwa maji, PCB inakosa makao humo, na heksani safi inaibeba. Ndipo asidi kidogo, ndipo silika, ndipo mashine. Kilima kilitoweka kwenye sindano ya kwanza kabisa, na PCB 180 ikarudi mahali pake na kukaa.

Hasara yake ni kwamba urejesho, yaani sehemu ya PCB inayobaki mpaka mwisho, haulingani. PCB zenye klorini nyingi hupenda kubaki kwenye heksani kuliko zile zenye klorini chache, hivyo PCB 180 inapotea zaidi ya PCB 28. Bila kurekebisha, mafuta mabaya zaidi yangeonekana mazuri. Dawa ni standadi za ndani, yaani PCB zile zile ila atomi zao zote kumi na mbili za kaboni ni kaboni 13, iliyo nzito kuliko ya kawaida, zinazowekwa kwenye mafuta kabla ya hatua yoyote. Zinatembea njia ile ile, zinapotea kwa kiasi kile kile, na mashine inazitenga kwa sababu ni nzito kwa vizio 12: pale tetrakloro (PCB yenye klorini nne) ya kawaida inapoonekana kwenye masi 290 na 292, ya kaboni 13 inaonekana 302 na 304. Kichupa kidogo cha mchanganyiko huo kilizidi shilingi milioni moja na nusu. Ni ghali, na hapa si mahali pa kubana matumizi. Tunakipima kwa matone na kukihifadhi kwenye friji.

DMSO yenyewe usiiweke kwenye friji, inaganda kwenye nyuzi 18 na nusu. La muhimu zaidi: DMSO hupenya ngozi na kupitisha kilichoyeyuka ndani yake. Tone la DMSO lenye PCB mkononi ni baya kuliko tone la mafuta. Tunavaa glavu mbili na kubadilisha ya juu papo hapo ikidondokewa, hata kama inaonekana nzima.

14 Mei 2025: Umeme, na hewa iliyoingia

Umeme ulikatika usiku mashine ikiwa ya moto. Pampu ilisimama, ombwe likaisha, na asubuhi tulipowasha presha iligoma kushuka kama zamani.

Kwa anayekutana na hili mara ya kwanza: tazama masi 18, 28 na 32. Ikiwa 18 ndiyo kubwa, ni unyevu tu, acha mashine ipampu usiku kucha. Ikiwa 28 ni karibu mara nne ya 32, hiyo ni nitrojeni na oksijeni ya hewa, na kuna mahali panavuja. Yetu ilikuwa mara nne. Tuliweka programu isikilize masi 58, ambayo ni ya asetoni, tukagusisha asetoni kwa tone kwenye kila kiungo. Mstari uliruka tulipofika kwenye nati ya kolamu inapoingia kwenye spektrometa. Kizibo cha grafaiti na polimidi kilichomo humo hunywea kikipata moto na kupoa, na kukatika kwa umeme kulikipitisha hapo kwa ghafla. Robo mzunguko wa spana ulitosha.

Tumenunua UPS ya kVA 6 kwa shilingi milioni nne na ushee. Haiendeshi mashine muda mrefu. Inatupa nafasi ya kupoza chanzo na kusimamisha pampu kwa utaratibu, basi. Kama una bajeti ya kitu kimoja tu kabla ya kuanza, anza na hiki. Heliamu nayo iandikie mapema, sisi mtungi mmoja ulizidi milioni tatu na kuja kwake kulichukua wiki nyingi.

18 Juni 2025: Uwiano wa klorini, na pentakloro ambazo hazikuwepo

Hapa ndipo spektrometa ya masi inapostahili bei yake.

Klorini ya asili ina isotopu mbili, ya 35 ambayo ni karibu asilimia 76, na ya 37 ambayo ni karibu asilimia 24. Kila atomi ya klorini kwenye molekuli inaongeza nafasi ya kupata ile nzito, kwa hiyo molekuli yenye klorini haina masi moja, ina ngazi ya masi zinazopishana kwa mbili mbili, na umbo la ngazi linasema idadi ya klorini. Ioni ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza inatoa takriban 0.32 mara idadi ya klorini. Trikloro (klorini tatu), 256 na 258, zinakaribia kulingana. Tetrakloro, 292 ni mara 1.28 ya 290. Pentakloro (klorini tano), 326 ni mara 1.6 ya 324. Hepta (klorini saba), 394 ni mara 2.24 ya 392. Kigunduzi cha kunasa elektroni, ambacho maabara nyingi bado zinakitumia kwa PCB, kinakuambia tu kwamba kitu kimepita kwa wakati fulani. Spektrometa ya masi inakuambia kitu hicho kina klorini ngapi.

Si jambo geni. Sören Jensen wa Stockholm, aliyetangaza mwaka 1966 kwamba PCB zimeenea ndani ya samaki na tai wa Sweden, alikuwa anatafuta DDT. Vilele vya ajabu vilimkatizia njia, na spektrometa ya masi ikasaidia kuonyesha kwamba ni molekuli zenye klorini zisizo DDT.

Sasa tatizo. Dumu moja lilitoa alama za wazi za mchanganyiko mzito wa aina ya Aroclor 1260, wenye heksa (klorini sita) na hepta nyingi. Programu ilipojumlisha kila kundi, ilileta pentakloro nyingi kupita kiasi, na jumla ikapanda. Vilele vilikuwepo kweli kwenye 324 na 326, virefu, vizuri, vyenye umbo safi. Mtu angevipokea.

Kilichotustua ni uwiano. Pentakloro halisi lazima 326 iwe kubwa kuliko 324. Hapa ilikuwa kinyume: 324 ilizidi, karibu mara moja na nusu ya 326. Hakuna pentakloro inayofanya hivyo. Tulipoangalia wakati wa kutoka, vilele hivyo vilitoka wakati ule ule na hepta.

Maelezo ni haya. Molekuli ya PCB ikigongwa na elektroni hupoteza klorini mbili kwa mpigo. Heptakloro ya 392 ikipoteza mbili inabaki 322, na kwa kuwa sasa ina klorini tano, ngazi yake ni 322, 324, 326. Madirisha ya pentakloro, yaani masi na muda ambao programu inazitafuta, yanasikiliza 324 na 326, kwa hiyo yanasikia ngazi ya pili na ya tatu za kipande cha hepta na kuzihesabu kama ya kwanza na ya pili za penta. Ngazi ya pili ndiyo ndefu kuliko zote, ndiyo maana uwiano uligeuka. Heksa inafanya hivyo hivyo kwa tetrakloro: 290 inakuwa karibu mara mbili ya 292, wakati inatakiwa iwe ndogo.

Marekebisho mawili, yote ya bure:

Kwanza, kila kundi limewekewa muda wake wa kuanza na wa kumaliza kwa kutumia standadi ya PCB inayotoka mwanzo na inayotoka mwisho katika kundi hilo. Dirisha la penta linafungwa kabla hepta zenye nguvu hazijafika.

Pili, kilele chochote ambacho uwiano wake umeachana na wa nadharia kwa zaidi ya asilimia 15 hakihesabiwi. Programu haiulizi, inakataa, na mtu anakiangalia kwa macho.

Tulirudia hesabu za sampuli zote za nyuma. Dumu lile lilishuka, lakini lilibaki juu ya kikomo.

9 Julai 2025: Mpira wa kunyonyea

Kundi la sampuli kutoka karakana moja lilitoa alama za vidole zile zile: uwiano wa PCB 138, 153 na 180 haukutofautiana, ila kiasi kilipungua kutoka dumu la kwanza hadi la mwisho. Mafuta ya asili tofauti hayafanani hivyo. Mpangilio wa kushuka ulifuata mpangilio wa kuchota.

Mpira uliotumika kunyonya ulikuwa mmoja, umepanguswa kwa kitambaa kati ya dumu na dumu. PCB inazama ndani ya mpira na kutoka polepole kwenye mafuta yanayofuata. Tulichota upya kwa bomba la kioo, moja kwa kila dumu, na madumu ya mwisho yakawa safi kabisa.

Jambo hili linazidi maabara. Hivi ndivyo mafuta ya madini yasiyo na PCB yanavyochafuliwa duniani kote: pampu na mpira mmoja vinahudumia transfoma ya askareli leo na ya mafuta safi kesho. Fundi anayemiminia mafuta kwa mpira ule ule anafanya hivyo bila kujua.

6 Agosti 2025: Kutoka vilele hadi namba

Tunapima PCB sita za kiashiria, zinazowakilisha nyingine zote, yaani 28, 52, 101, 138, 153 na 180. Kwa kolamu hii 28 inatoka pamoja na 31, na 138 pamoja na 163, na uwiano wa klorini hausaidii kwa sababu kila jozi ina idadi sawa ya klorini. Tunaandika hivyo kwenye majibu badala ya kujifanya tumezitenganisha.

Ulaya wamezoea kuzidisha jumla ya sita hizi mara tano kupata PCB zote. Kwa mchanganyiko wa aina ya Aroclor 1254 inakaribia ukweli. Kwa 1260 sita hizo zenyewe ni karibu theluthi ya uzito, hivyo mara tano inakuza. Tunatoa namba zote mbili: ya kuzidisha, na ya kujumlisha makundi kwa madirisha yaliyorekebishwa. Zikipishana sana, sampuli inarudi mezani.

Gharama ya sampuli moja kwa sasa, tukihesabu viyeyusho, standadi ya kaboni 13, heliamu na sehemu ya kolamu, inazunguka shilingi elfu tisini. Nusu yake na zaidi ni standadi.

3 Septemba 2025: Kurudisha majibu

Mafuta mengi tuliyopima yako chini ya kikomo, na kwa wenyewe hiyo ni habari njema tuliyowapelekea kwa mikono. Machache yamevuka. Kwa hayo hatukusema "mwageni", kwa sababu yakimwagwa yanaingia kwenye mtaro na kisha baharini, na yakichomwa yanazaa kibaya zaidi. Yamehamishiwa kwenye pipa la chuma lenye mfuniko wa kukaza, juu ya sinia la chuma, limeandikwa, na taarifa imepelekwa kwa mamlaka ya mazingira.

Mzee wa Gerezani nilimpelekea majibu yake mwenyewe. Sanduku lake halikuwa na PCB ya kuonekana. Nikamweleza kwamba dumu lijalo huenda likawa na nyingi, na kwa macho au kwa pua hatalijua, kwa hiyo kujipaka aache na glavu avae. Akauliza swali ambalo sasa kila karakana inaliuliza: "Na hilo dumu lijalo nitalileta wapi nijue?"

Kwa hiyo hatua inayofuata ni hii: kupima mafuta pale yanapouzwa kwa jumla, kabla hayajagawanywa kwenye madumu, ili kipimo kimoja kiwahudumie mafundi wengi. Mazungumzo na wauzaji wawili yameanza. Upande wa maabara, tunasubiri kolamu ya aina nyingine inayotenganisha 28 na 31, na tunajaribu kupunguza DMSO kutoka mara nne hadi tatu kwa kutazama standadi ya 180 inavyorejea. Matokeo yake yataingia hapa yakiwa tayari.